Babu wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Mvua ikianza watu huvaa ndala, na watu wakivaa ndala, mimi fundi viatu nabaki kuwa pambo la barabara. Tangu asubuhi nimekaa chini ya mwavuli wangu, upande wa pili wa geti la shule, nikitazama maji yakipita na maganda ya machungwa. Nimeona bora niandike kuliko kukodolea maganda. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mwalimu aliniambia nina mwandiko mzuri na kichwa kibaya. Basi tuutumie huo mwandiko.

Mlinzi wa geti amebandika kanuni mpya ukutani, amri ya makamu mkuu mpya. Nimevuka barabara nikazisoma zote nikiwa nimelowa. Nywele fupi. Soksi nyeupe. Simu marufuku. Daftari zote zikamilike, na asiyekamilisha alete mzazi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: wa kidato cha nne asiyefikisha wastani katika majaribio hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho.

Nikamwuliza mlinzi, "Na wewe soksi zako nyeupe ziko wapi?"

Akasema, "Mzee, rudi kwenye gundi yako."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kisigino kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amekuja binti wa kidato cha nne, mwembamba, mabega juu kama anayetaka kupigana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kiatu gani?"

"Si kiatu. Nasikia huwa unakuwa babu."

"Mimi ni babu siku nyingi. Wa nani?"

"Wangu. Kesho saa nne."

Hapa lazima nieleze, maana akisoma mtu mwingine atanidhania tapeli. Kazi hii ya ubabu sikuiomba. Mwaka jana kijana mmoja aliambiwa alete mzazi, na mzazi wake ana mkono mwepesi wa kupiga; kijana akanililia, nikamwonea huruma. Nikavaa koti la marehemu kaka yangu, nikaingia ofisini, nikasemwa kwa niaba ya ukoo mzima. Habari zikaenea. Silipwi kitu. Napata chai ya maziwa, nakalia kiti chenye mto, na watu waliosoma wananiita mzee wetu. Makamu mpya hawezi kunijua. Anaingia na gari lake vioo juu, na fundi viatu kwake ni kama nguzo ya umeme.

Nikamwuliza binti kosa lake. Daftari za masomo matatu ziko nusu nusu, sentensi zimekatika katikati kama mikia ya mijusi. Baba yake anachomelea mageti, mama yake anauza mitumba. Baba ameshaapa: siku atakayoitwa shuleni kwa ajili yake, kesho yake binti anakwenda kuuza dukani kwa shangazi, na harudi tena darasani.

"Kwa nini huandiki ukamaliza?"

"Walimu wanafuta ubao haraka."

"Mvivu mwenzangu, sema uvivu."

Aliwaka! Alinimwagia maneno mpaka mlinzi ng'ambo akasimama. Nimempa jina: Kibiriti. Nimekubali kuwa babu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'ara leo. Koti nimelipiga pasi, kofia nimeiinamisha kidogo upande wa hekima. Makamu ni mama wa makamo, sauti ya chini. Kibiriti akaambiwa asubiri nje. Chai ikaja.

Kabla sijaulizwa nikaanza kugawa udhuru. Baba yake nikampa ugonjwa wa mgongo, mama yake nikamsafirisha. Makamu akanyanyua mkono.

"Mzee wangu, sikuita mtu nimlaumu. Huyu mtoto ukimwuliza kwa mdomo anajibu vizuri kuliko wenzake. Akiandika kutoka ubaoni anakatika. Nimemwona anakunja macho. Nashuku haoni mbali. Mpelekeni akapimwe kabla ya majaribio, maana wastani wake uko chini, na kanuni mnaijua."

"Leo leo namwambia baba yake," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzito, nzuri, hata mimi niliiamini.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nje Kibiriti akanivamia. "Wamesema nini?"

"Wamesema hakuna babu kama wako shule nzima."

Tukacheka mpaka getini. Mlinzi akanipigia saluti. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Soli mbili, zipu ya mkoba.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kishindo. Nilijibanza kibarazani kwa muuza rangi, koti langu la mvua nikaliacha limening'inia kwenye mwavuli. Kibiriti akapita mbio, akasimama mbele ya koti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Koti halikujibu.

"Babu, umeninunia?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Muuza rangi akacheka. Kibiriti akageuka kuitafuta sauti yangu, akakunja macho, uso umefinyika kama anayetazama jua, na jua halikuwepo. Akatuona, akacheka na yeye ili yaishe, akakimbilia darasani.

Nikaacha kucheka. Mama yule wa ofisini alinipa maneno ya kupeleka, nami niliyamwaga njiani. Hata sikuyasahau. Kusahau ni kwa aliyekuwa ameyashika. Mimi niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, kwa sababu mtoto hakuwa wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Kibiriti. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza na mzaha.

"Wewe unaamkia makoti. Kesho utaamkia mbuzi. Makamu alisema ukapimwe macho."

"Alisema lini?"

"Siku ile."

"Na wewe ukaniambia habari za babu bora!"

"Nilikuwa natania."

"Mimi si kipofu. Kipofu ni wewe." Kisha moto ukamzimikia. Akachuchumaa karibu na sanduku langu la zana, akashusha sauti. "Babu, usiseme nyumbani. Ukisema, watauliza umejuaje. Wakijua nilileta babu wa kuazima, baba hatasubiri hata majaribio. Nitakaa mbele. Nitaazima daftari za wenzangu. Nitafika."

Nikamwambia sawa. Nimekubali upesi mno, na najua kwa nini. Aliniomba lile nililokuwa nalitaka.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mama yake, niliyewahi kumwona naye getini, amepita na furushi la mitumba kichwani. Sikusema.

Alhamisi, 20 Machi

Amepita tena. Nilijifanya natafuta msumari. Sikusema.

Jumatatu, 24 Machi

Sikusema.

Jumatano, 26 Machi

Leo hakupita tu. Alishusha furushi, akakaa kwenye kigoda changu, akanipa sandali iliyokatika ukanda. Ni mama mchangamfu, mdomo haufungi. Akaniuliza kama nina wajukuu. Nikasema ninao. Akasema basi namwelewa.

"Mimi nina binti wa kidato cha nne, baba. Sijui amepatwa na nini. Alikuwa mtoto mtulivu. Siku hizi anagonga milango, anamwaga maji, nikimtuma dukani anarudisha kitu kingine. Baba yake anasema ni jeuri ya makusudi. Juzi kamfokea mpaka majirani wakatoka."

Uzi ulikuwa mdomoni mwangu, nikaendelea kuupaka nta kama sina masikio.

"Anasoma sana lakini," akasema. "Daftari kaibandika puani usiku kucha. Namwambia, mwanangu, utaimeza."

Maneno yalikuwa hapa, nyuma ya meno. Mama, mpeleke hospitali ya macho. Hayo tu. Mtu yeyote angeweza kuyasema, hata muuza rangi, hata mpita njia. Lakini mimi nilifikiri: akiniuliza nimejuaje? Akiniuliza mimi nani? Nikakata uzi.

"Sandali tayari, mama."

Sikutaka malipo. Akanishukuru kwa mikono miwili, akasema Mungu aniweke. Afadhali angenitemea mate.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua asubuhi, mvua jioni. Kibiriti hapiti upande wangu siku hizi. Anapita ubavuni mwa ukuta, mkono mmoja unagusa matofali.

Jumatatu, 7 Aprili

Majaribio yameanza. Wingu jeusi, madarasani hakuna umeme. Mlinzi, ambaye kila kitu anakijua kwa sababu hana kazi, kanieleza kwamba mashine ya kuchapa imeharibika, hivyo maswali ya hesabu na fizikia yameandikwa ubaoni.

"Ubaoni?" nikasema.

"Ubaoni. Wewe kwani unafanya mtihani?"

Nikajidunga sindano kidoleni. Nimefurahi kidogo kwa maumivu yale, nikaona hata furaha hiyo ni upuuzi. Kidole changu hakimsaidii mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamemaliza. Wenzake wametoka wakirukaruka matopeni. Yeye katoka wa mwisho.

"Umeonaje?" nikamwuliza kutoka ng'ambo.

"Nilisoma swali alilolinakili jirani yangu kwenye karatasi yake, msimamizi akadhani naibia jibu. Akanihamishia nyuma."

Akaenda zake. Hakuniita babu wala hakunitukana. Ningependa anitukane.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi, nianzie kwa mlinzi.

Matokeo yametoka. Wasiofika wastani wakapelekewa wito majumbani, safari hii kwa simu ya mzazi mwenyewe. Mama Kibiriti kaja na furushi lake, kaingia nalo mpaka ofisini. Mlinzi alikuwa anapeleka barua mlangoni, akasikia, au alisimama asikie, ni yaleyale.

Mama alikuwa anauliza kwa nini hakuambiwa mapema kwamba mtoto anaanguka. Makamu akasema, "Tulimwambia babu yake tangu Machi. Na tukamwambia ampeleke akapimwe macho."

"Babu gani?"

"Babu yake. Mzee mmoja mpole, ana koti."

"Mwalimu, baba yangu nimemzika. Na baba mkwe wangu nimemzika. Huyo babu katoka kaburi lipi?"

Kibiriti akaitwa. Akaulizwa yule mzee ni nani. Mlinzi anasema binti alisimama wima, akajibu bila kutikisika: mzee nilimwokota barabarani, simjui jina, sijamwona tena.

Kuleta mzazi wa uongo ni kosa la kufukuzwa shule. Ijumaa kuna kikao cha nidhamu, na baba yake ameitwa. Mpaka siku hiyo, kasimamishwa.

"Kakuficha," mlinzi akasema. Hakucheka. "Mtoto kakuficha, mzee."

Walipotoka getini nikashusha mwavuli, nikaingiza uso ndani ya buti la mtu. Mama akapita mbele yangu, amemshika binti mkono kama mtoto mdogo. Na pamoja na yote yaliyomkuta, akanisalimu.

"Habari za kazi, baba."

Nikajibu nzuri, nikiwa ndani ya buti.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda kazini. Nimejilaza. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaleta chai.

"Unaumwa nini, baba?"

"Mgongo."

Hata ugonjwa wangu ni ule niliomzulia mtu mwingine.

Alhamisi, 24 Aprili

Bado kitandani. Mkwe wangu kaniandalia maji ya moto, kanikanda mgongo usiouma. Mikono yake ni mizuri. Nilimwambia aache, akadhani namhurumia.

Nimewaza ya kuwaza. Nikikaa kimya, kesho inapita, na hakuna atakayenijua. Binti anakwenda dukani kwa shangazi, kuuza vitu asivyovisoma majina. Mlinzi atanyamaza, maana saluti alinipigia yeye. Kila kitu kitakaa sawa isipokuwa yeye. Nimewahi kujisifu kwamba naweza kuongea na yeyote. Leo nimejaribu kuongea na ukuta, nikashindwa kuanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda. Koti la kaka nimeliacha msumarini. Nimevaa aproni yangu yenye gundi, ili makamu aone alikuwa anampa nani chai.

Mlinzi kanifungulia. Mlango wa ofisi nikagonga, nikaingia kabla sijaitikiwa, maana ningesubiri ningegeuka. Ndani walikuwa makamu, walimu wawili, mama, na baba mtu, jitu la mikono yenye makovu ya moto, amekaa ukingoni mwa kiti. Kibiriti kasimama katikati.

"Huyu ni fundi wetu wa viatu," mama akasema, ameshangaa. "Karibu baba, lakini tuko kikaoni."

"Mimi ndiye babu," nikasema.

Kibiriti akageuka upande wangu. "Simjui huyu mzee."

"Ananijua."

"Simjui! Mwambieni atoke."

"Mwanangu, nyamaza sasa," nikamwambia. "Umenibeba vya kutosha."

Makamu alinitazama viatuni, kwenye aproni, usoni. Nilimwona ananitoa kwenye aproni na kunirudisha kwenye koti. Hakupandisha sauti.

"Mzee, siku ile nilikwambia nini? Rudia. Wazazi wake wasikie kama nilivyosema."

Nikarudia. Anajibu vizuri kwa mdomo. Ubaoni anakatika. Anakunja macho. Apimwe kabla ya majaribio. Maneno yote yaliisha kwa pumzi moja. Nilikaa nayo wiki saba, na yalikuwa ya pumzi moja.

Mama akaweka mkono mdomoni. "Na sandali yangu ukashona," akasema. "Nikakaa pale, nikakueleza yote, ukashona."

"Nikashona, mama."

Baba mtu hakunitazama kabisa. Alikuwa anamtazama binti yake. Akanyoosha kidole ukutani, juu ya kichwa cha makamu.

"Saa ile inasema saa ngapi?"

Kibiriti akainua uso. Akakunja macho. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Saa ni kubwa kama sinia.

"Saa ipi, baba?"

Baba akaishusha ile mikono yake magotini, akawa anaikunja na kuikunjua. "Maji yale," akasema taratibu, kama anaongea peke yake. "Ndoo ilikuwa mlangoni. Nilidhani unaipiga teke."

"Sikuiona."

"Na mimi nikakufokea."

Makamu ndiye aliyetuokoa sote, kwa kufuata kanuni. Kuleta mzazi wa uongo ni kosa, hivyo binti atakaa nyumbani mpaka wiki ijayo iishe, na wiki hiyo apelekwe hospitali. Lakini mgonjwa mwenye cheti cha daktari anaruhusiwa kurudia majaribio. "Na ugonjwa huu shule iliujua tangu Machi," akasema. "Tulimwambia asiye wake. Hilo ni kosa letu pia, mimi sikuomba hata kitambulisho." Akikosa wastani safari hii, hakuna la kufanya.

Nikafungua mdomo kuomba radhi, nimeandaa maneno mazuri.

"Mzee," baba mtu akasema, "toka."

Nikatoka. Mpaka getini ni mbali, sikujua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mlinzi kaleta ujumbe: makamu hataki kuniona mbele ya geti. Nimehamishia sanduku pembeni ya duka la rangi, baada ya kona. Wateja wachache. Nimestahili, ingawa maji ya paa yanadondokea shingoni, na hilo naona limezidi kidogo.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Hakuna.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwona. Amevaa miwani ya fremu nyeusi, inamshuka puani. Anatembea katikati ya njia na mama yake, anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja kimoja. "Rangi za mafuta. Vifaa vya umeme. Usitupe taka hapa." Mama anacheka na kufuta machozi kwa ncha ya mtandio. Walipofika kwangu binti aliacha kusoma. Wakapita.

Leo anaanza kurudia majaribio.

Jumanne, 20 Mei

Manyunyu tu. Nimemwuliza mlinzi matokeo. Hajui. Nimemwuliza tena jioni, akaniambia nikimwuliza mara nyingine atanipulizia filimbi sikioni.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekatika, viatu vimetoka makabatini. Asubuhi mlinzi kaja mwenyewe mpaka kwenye kona yangu, filimbi kaificha mfukoni. Kibiriti amefika. Kwa chupuchupu, hesabu imembeba kidogo na historia imemvuta chini, lakini wastani ameufikia, na jina limekwenda kusajiliwa. Nilitaka kuruka. Kisha nikawaza: wenzake walikuwa na mwaka mzima wa ubao. Yeye kapewa siku chache, na bado kafika. Angefika wapi kama ningefungua mdomo tangu Machi? Hilo hakuna atakayelijua. Nitakaa nalo mimi.

Alasiri akaja yeye, peke yake, kashika kiatu cha shule soli imebanduka.

"Habari, fundi."

"Nzuri," nikasema. Nilikuwa na utani mwingi, nikaumeza wote. "Hongera, nimesikia."

"Asante. Kiwe tayari leo."

Nikashona. Nikampa. Hakukivaa. Akakisogeza usoni, akakirudisha nyuma, akazungusha soli polepole.

"Mshono umepinda."

"Wapi?"

"Hapa. Mpaka huku."

Nikatazama, sikuona kitu. Nikapitisha kidole. Ulikuwa umepinda kweli, kama njia ya mlevi.

"Wateja wengine hawasemi," nikamwambia.

"Mimi nasema."

Nikamsogezea kigoda. Hakukaa. Nikafumua uzi wote, nikaanza upya, naye kasimama kainamia mikono yangu akitazama kila tundu, na kila sindano ilipopita nilisubiri kwanza aniambie kama imenyooka.